Kabla mlango wa STI ya gia za mkono haujafungwa

Ukienda Kiambu siku ya mashindano ya KiambuRing, simama karibu na kona ufunge macho. Gari la gia za mkono utalijua kabla ya kuliona. Injini inapanda, inakatika kidogo mguu unapokanyaga klachi, halafu inashika tena kwa hasira. Kama wewe ni mtu wa Subaru, ushajua ninachosema. Kama sio, vumilia kidogo, kwa sababu hii stori inakuhusu hata kama gari lako bado ni matatu ya kwenda Githurai.

Hiyo sauti ina tarehe ya mwisho, mazee, na tarehe yenyewe iko karibu kuliko unavyofikiria.

Hebu tufanye hesabu. Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa (KEBS) haliruhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Gari lililosajiliwa mara ya kwanza 2019, mwaka wake wa mwisho kupita Mombasa ni 2026. La 2020 ni 2027. Maana yake ni kwamba sisi vijana wa Kenya hatuchagui magari yetu. Yanachaguliwa na Mjapani aliyeingia shoruumu miaka saba au minane iliyopita. Akipenda gia za mkono, siku moja utazipata. Asipozipenda, hata uwe na pesa taslimu mkononi, hazitakuja.

Sasa angalia Subaru. STI ya kwanza ilitoka 1994. Kwa sehemu kubwa, STI ilikuwa gari la klachi, na ile ya mwisho kuuzwa Japan ilikuwa na gia 6 za mkono, hakuna auto. Mwisho wa 2019 wakafunga oda. Basi. Mwaka wa 2021 wakazindua WRX S4 mpya huko kwao, na ikaja na CVT peke yake. CVT ni auto isiyo na gia hasa: kuna mnyororo unaozunguka kati ya puli mbili, na puli zinapanuka na kubana zenyewe kulingana na mwendo. Inasaidia sana kwenye foleni ya Mombasa Road. Lakini hakuna mtu aliyewahi kubandika picha ya CVT ukutani.

Ukijumlisha hayo, utaona ninapoelekea. STI za mwisho za Japan zikishapita umri, hiyo STI ya gia za mkono unayoiona kwenye simu yako usiku itabaki kuwa zile zilizoko nchini tayari. Na zilizoko nchini unajua zinavyoisha. Nyingine zinapigwa mtaro pale Naivasha, nyingine zinachinjwa ziuzwe vipande, nyingine mwenyewe amezificha gereji akingoja bei ipande.

Usifikirie ni Subaru tu. Ferrari haiuzi tena gari jipya la gia za mkono. Lamborghini nao waliachana nazo Gallardo ilipostaafu. Wamarekani, ambao kwao Corvette ni kama ugali kwetu, walipotoa ile mpya ya injini nyuma ya kiti mwaka wa 2019, waliitoa bila klachi. Nissan GT-R, ile Godzilla mwenyewe, tangu 2007 haikuwahi kuwa na kanyagio la tatu. Na Golf GTI, gari ambalo angalau mtu wa mshahara wa kawaida angeota nalo, lilipofanyiwa ukarabati 2024 likapoteza gia za mkono pia.

Najua utaniambia nini. Utaniambia auto ni kasi zaidi. Ni kweli, na sitabishana. Huo mjadala ulikwisha kabla sijazaliwa. Mwaka wa 1989 Ferrari walipeleka Brazil gari la Formula 1 ambalo dereva alibadilisha gia kwa vidole nyuma ya usukani. Nigel Mansell akashinda nalo mbio za kwanza tu. Baadaye zikaja giaboksi za klachi mbili: klachi moja inashughulikia gia ya 1, 3 na 5, nyingine 2, 4 na 6. Ukiwa gia ya 3, ya 4 tayari imejipanga inangoja. Ikiitwa, inaingia kabla hujapepesa jicho. Hakuna mkono wa binadamu utakaoshinda hapo, hata wa yule dereva wa nganya unayemwabudu.

Lakini kama shida ingekuwa kasi pekee, gia za mkono zingeisha zamani. Kinachoziua ni hesabu za ofisini. Kila giaboksi lazima ipimwe moshi na matumizi ya mafuta ndiyo ipewe kibali. Ukiwa na aina mbili za giaboksi kwenye gari moja, unalipia mara mbili. Kisha kuna hivi vifaa vya gari kujiendesha kwenye foleni na kusimama lenyewe, ambavyo vinakaa vizuri zaidi kwenye auto kwa sababu kompyuta haina mguu wa kukanyaga klachi. Kisha kuna wanunuzi wenyewe. Watu wanalilia gia za mkono mtandaoni, halafu wakifika dukani wanachukua auto kwa sababu ya jamu. Kampuni inaangalia risiti, haiangalii machozi.

Na magari ya umeme? Mengi hayana gia za kubadilisha kabisa. Hyundai walipotoa Ioniq 5 N mwaka wa 2023 ilibidi waigize: gari linatoa mlio wa injini ambayo haipo na kushtuka kana kwamba limebadilisha gia. Mimi nilicheka. Halafu nikafikiria, hawa wazee wametumia pesa kurudisha kitu walichokitoa wenyewe.

Hapa ndipo kuna kitu cha kushika. Mwaka wa 2013 Porsche walizindua 911 GT3 bila gia za mkono. Wateja wake wakawaka. Porsche wakasikia, na 2016 wakaunda 911 R, gari la gia 6 za mkono, magari 991 tu dunia nzima. Yaliisha kabla vumbi halijatulia, na waliobahatika wakaanza kuyauza kwa bei mara kadhaa ya waliyonunulia. Mwaka uliofuata, GT3 yenyewe ikarudishiwa klachi. Toyota pia. Supra ya 2019 ilikuja auto tupu, kelele zikapigwa, na 2022 wakaongeza gia za mkono. Kwa hivyo usiniambie haiwezekani. Kampuni zinasikia, tatizo ni zinamsikia nani.

Zinamsikia mwenye pesa. Hilo ndilo linaloniuma. Pagani Utopia unaweza kuipata na gia za mkono. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, gari lake la T.50 ni la gia za mkono pekee. Haya ni magari ya mabilionea. Kitu ambacho kilikuwa cha kawaida kwenye pikapu ya kubeba kabichi kimegeuzwa pambo la tajiri, kama vile omena siku hizi inavyowekwa kwenye sahani kubwa hotelini na kupewa jina refu. Mtu wa chini, ambaye gia za mkono zilikuwa zake kwa sababu zilikuwa rahisi kuunda na rahisi kutengeneza, ndiye anaambiwa asonge.

Nilijifunza kuendesha kwenye pikapu ya mjomba, Toyota kuukuu, kwenye mlima mmoja upande wa Limuru. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia gia kila nikibadilisha, na mjomba ananipigia kelele, "Wewe! Barabara iko huko chini au huko mbele?" Kubalansi klachi mlimani na lori liko nyuma yako, hapo ndipo unajifahamu. Lakini siku moja mguu ukaelewa. Sijui niseme vipi. Nilianza kusikia injini ikiomba gia kabla sijafikiria. Chuo nilikiacha katikati, na mengi niliyosomea pale nimeyasahau. Hilo la pikapu halijatoka.

Ndiyo maana nawasikitikia wenzangu wanaokimbilia leseni ya auto pekee kwa sababu mtihani wake ni mwepesi. Naelewa, pesa hazipo, na ukirudia mtihani unalipa tena. Na kama goti lako lina shida, au unaendesha teksi za programu kutwa nzima katikati ya jiji, auto ni haki yako, usiombe msamaha. Ila kumbuka canter bado ni gia za mkono. Matatu nyingi bado ni gia za mkono. Kazi ya udereva ambayo kijana asiye na digrii anaweza kuipata kesho asubuhi, mara nyingi itaanza na swali moja: unajua manuali? Ukijibu hapana, anayekufuata kwenye foleni atajibu ndiyo.

Kwa wale wa spoti, mlango haujafungwa kabisa. Acha kulilia STI kidogo. Suzuki Swift Sport ya kuanzia 2017 ina injini ndogo ya lita 1.4 yenye turbo na ilikuwa na chaguo la gia 6 za mkono. Mazda Roadster ipo. GR86 iliyotoka 2021 ipo. GR Yaris ya 2020, ile yenye nguvu, ilianza bila auto kabisa. Auto waliiongeza 2024 tu. Haya ndiyo magari yatakayokuwa yakishuka bandarini kwa miaka michache ijayo, na ukimwagiza wakala gari, mwambie wazi unataka klachi. Asikuambie "auto ndiyo inauzika tena haraka." Anawaza soko, na wewe unawaza Jumapili asubuhi pale Kiambu. Kila oda ya aina hiyo inayotoka hapa inampa muuzaji wa kule sababu ya kuyatafuta, na magari haya yakiuzika vizuri kama mitumba, hata mnunuzi wa kwanza Japan haogopi kuyachukua.

Nawe mwenye STI uliyeificha gereji ukingoja bei, itoe. Mpe binamu yako kiti cha dereva uwanjani, pasipo na watu, akuzimie injini mara kumi. Itakuuma, najua. Hata mjomba ilimuuma. Ile pikapu klachi yake hatimaye iliisha mwezi uliopita, na mimi ndiye nimetumwa Kirinyaga Road kuulizia bei. Fundi ameniuliza kama tumefikiria kuiuza tuchukue ya auto. Nimemwambia anipe bei ya klachi.