MAPUNYE YANA DAWA

Tangu Uhuru wa mwaka 1961 Taifa letu lapigana na ujinga, umaskini na maradhi. Maadui hao husaidiana. Mtoto wa Nyabibuye, katika milima ya Kakonko, akichekwa kwa mapunye hata akaacha shule, maradhi yamekwisha kuzaa ujinga.

Mapunye na choa huletwa na kuvu, wala si uchawi. Choa cha mwilini hupona kwa malhamu ya klotrimazoli, ikipakwa mara mbili kwa siku kwa majuma 2 hadi 4; isiachwe kwa kuwa mwasho umekoma. Lakini mapunye hukaa katika mashina ya nywele, ambako malhamu haifiki. Yataka vidonge vya griseofulvini, dawa inayotumiwa na wanadamu tangu 1958, vimezwe pamoja na chakula kwa majuma 6 hadi 8, kwa kipimo cha mganga.

Twalaani biashara ya kuuza malhamu yenye steroidi kuwa dawa ya kila upele. Hutuliza mwasho siku chache, na kuvu huzidi kuenea. Mfanyakazi aliyenunua malhamu hiyo amepoteza fedha na afya pamoja.

Basi, wenye maduka ya dawa waseme kweli. Walimu wasimfukuze mtoto aliyekwisha kuanza dawa. Nanyi, wanachama wa matawi, ulizeni katika mikutano yenu: vidonge hivyo vimo katika zahanati yetu? Kama havimo, kwa nini?