Waridi la Arusha lisizungukie Nairobi

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) hadi Schiphol, Amsterdam, ni kilomita 6,900 hivi kwa njia ya anga. Ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa 8 na nusu. Kutoka Nairobi hadi hapo hapo Schiphol ni kama kilomita 6,700. Tofauti hiyo, kwa mwendo wa ndege ya jeti, ni robo saa tu. Kwa nini basi waridi la Arusha lipakiwe kwenye lori, lipite Namanga, likapande ndege Nairobi?

Barabara hiyo ni kilomita 270 hivi, yaani saa 5 au 6 bila foleni. Ni kweli kwamba kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Namanga mwaka 2018 kimesaidia. Lakini ua lililokatwa bado linapumua, na joto likipanda kwa nyuzi 10 upumuaji huo huongezeka mara mbili au tatu. Ubaridi wa lori ukilegea njiani, mnunuzi wa Aalsmeer hatauliza lilikwama wapi. Atahesabu siku litakazokaa kwenye chombo cha maji, na atapunguza bei.

Umbali sio sababu. Sababu ni shehena. Nairobi ina maua mengi, kwa hiyo ndege za mizigo zinakwenda huko, na ndege zikiwa nyingi nauli ya kilo inashuka. Kwetu ni ule ubishi wa kuku na yai: mkulima anangoja ndege, mwenye ndege anangoja mzigo.

Juni 2023 Air Tanzania ilipokea Boeing 767 ya mizigo yenye uwezo wa kubeba tani 54. Ni hatua nzuri, ila mafuta ya safari hayapungui kwa nusu eti kwa kuwa shehena ni nusu, na ndege hiyo lazima ipate mzigo wa kurudi nao pia. Hakuna shamba moja la waridi litakaloijaza kila wiki.

Kwa maoni yetu, wenye mashamba ya maua na wakulima wa maharage machanga wa Arusha na Kilimanjaro waunganishe mizigo yao kwa siku moja maalumu ya wiki, kwa mkataba. (Parachichi tuliache, lenyewe linaweza kuvumilia meli kwa majuma kadhaa.) Serikali nayo ihakikishe wakaguzi wa afya ya mimea wapo KIA usiku, vyumba vya ubaridi havizimwi, na tozo za kutua kwa ndege za mizigo zinatazamwa upya. Mnunuzi wa Ulaya hawezi kusaini mkataba kwa kutegemea ndege isiyo na ratiba.

Msimu mkubwa wa waridi ni Sikukuu ya Wapendanao, Februari 14. Maamuzi kuhusu tozo na ratiba yafanyike miezi kadhaa kabla ya hapo, wakati wanunuzi bado wanapanga oda zao.