Sarafu za zamani za dhahabu: mzani kwanza, hadithi baadaye

Nchini Marekani, kuna wauzaji wa sarafu za zamani za dhahabu wenye hadithi moja wanayoipenda sana. Wanamwambia mzee aliyestaafu: serikali iliwahi kuchukua dhahabu ya raia, na inaweza kurudia. Nunua sarafu za kihistoria, hizo hazitaguswa. Hadithi hiyo ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya watu.

Ni kweli kwamba tarehe 5 Aprili 1933 rais Franklin Roosevelt aliamuru raia wapeleke dhahabu yao benki. Walilipwa dola 20.67 kwa aunsi. Januari 1934 serikali ikapandisha bei hadi dola 35, na faida ikabaki kwake. Waliotii ndio waliopoteza. Ni kweli pia kwamba sarafu adimu za wakusanyaji ziliachwa. Lakini raia wa Marekani waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu mwisho wa mwaka 1974. Amri ya 1933 haimlindi mtu leo. Kama sheria nyingine itakuja, itaandikwa upya, na hakuna muuzaji anayejua itasema nini.

Tuchukue sarafu ya dola 20 iitwayo Double Eagle, yenye mchoro wa Augustus Saint-Gaudens, iliyoanza kutolewa mwaka 1907. Ina uzito wa gramu 33.4, dhahabu sehemu 9 kwa 10, zingine shaba. Za mwaka 1924 zilitengenezwa zaidi ya milioni 4, na nyingi zilihifadhiwa katika benki za Ulaya. Ni nzuri, lakini si adimu. Za mwaka 1933 zilikuwa 445,500, karibu zote zikayeyushwa. Moja, iliyoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi, iliuzwa New York mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 18.9. Muuzaji mjanja anasimulia ile ya 1933, halafu anakuuzia ya 1924.

Hapa Kivu na Ituri, hakuna mchimbaji anayeuza dhahabu yake kwa maneno. Mzani ndio unaosema. Akili hiyo inafaa hata kule. Sarafu ya zamani ina bei mbili: bei ya dhahabu iliyo ndani na bei ya uadimu. Ya kwanza inapimika. Ya pili inategemea kama kuna mtu mwingine atakayekubali kuilipa.

Basi mnunuzi aulize maswali matatu. Dhahabu iliyomo inauzwa ngapi leo? Kinachozidi hapo kinalipia nini? Na wewe muuzaji, nikikurudishia kesho, utainunua kwa bei gani? Akisitasita kwenye swali la tatu, jibu limekwisha patikana.

Anayependa historia alipe nyongeza hiyo kwa furaha, akijua anachokilipia. Akiba ya uzeeni isilipie hadithi.