Wakikufukuza bila haki, ufanye nini?



Mwezi huu ninaanza kwa kuungama kosa langu. Miaka kazaa imepita, mama mumoja wa kanisa letu alikuja kwetu nyumbani magaribi. Alikuwa anafanya kazi ya usafi katika kampuni ndogo inayotumikia mugodi. Mimba yake ilipoonekana, shefu akamuambia: "Mama, ubakie kwanza nyumbani, tutakuita." Barua hakupewa. Kuitwa, hapana. Na mimi pastori nikamuambia: "Mama, tuombe, Mungu atafungua mulango." Tukaomba, akaenda zake. Mulango wa kwenda kubisha, sikumuonyesha hata mumoja. Kisha alipopata mutu wa kumuongoza, miezi mingi ilikuwa imepita, na mashahidi wake walikuwa wamehama. Alikosa haki yake, na sehemu ya kosa ni yangu.

Wengi wetu tunazania kwamba kwenda mbele ya sheria ni kukosa imani. Musome tena Matendo ya Mitume 16. Usiku, Paulo na Sila waliomba na kuimba ndani ya gereza. Asubui, wakubwa wa muji walitaka kuwatoa kwa siri. Paulo akakataa: walipigwa bila hukumu, na wao ni raia wa Roma, basi wakubwa waje wenyewe kuwatoa. Mutu ni yule yule. Usiku aliomba, asubui alishika sheria. Hakutukana mutu, hakurusha jiwe.

Sasa tuone sheria inasema nini.

Kwanza, kazini. Inchi yetu iko na Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Inasema kwamba patron akiachisha mutu kazi, lazima aandike barua na kutaja sababu. Tena inataja mambo ambayo hayawezi kuwa sababu ya kufukuza mutu: rangi, kabila, dini, kuwa mwanamuke, mimba, kuzaa, mawazo ya siasa, ao kuingia sendika. Mama mwenye mimba iko na haki ya kupumzika majuma 14. Kazi yake inamungojea.

Njia ni hii. Uombe barua yenye sababu. Umuone delege wa sendika. Kisha uende kwa Inspecteur du travail, upesi, maana sheria iko na muda wake. Yeye ataita patron, ajaribu kuwapatanisha. Usiruke hatua hii: Tribunal du travail haipokei shitaki la mutu ambaye hakupitia kwanza kwa Inspecteur. Kama mapatano yanashindikana, yeye anaandika karatasi inayosema hivyo, na karatasi ile ndiyo inakufungulia tribunal. Tribunal ikiona hakukuwa sababu ya haki, inaweza kukurudisha kazini, ao patron akulipe malipizi mpaka kufikia mishahara ya miezi 36.

Pili, masomo. Katiba ya 2006, artikulo 43, inasema masomo ya shule ya musingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Tangu Septemba 2019, serikali ilianza kutimiza neno hilo, hata katika shule za makanisa zilizo na mapatano na serikali. Kwa hiyo mutoto wa shule ya namna ile asirudishwe nyumbani kwa ajili ya feza ya masomo. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inawataja pia wasichana wenye mimba: nao wako na haki ya kusoma.

Hapa, ndugu, neno linatuuma, kwa sababu shule nyingi ni zetu. Nilikaa mimi mwenyewe katika kikao ambamo binti alifukuzwa kwa sababu ya mimba, na kijana aliyemupa mimba akabaki darasani. Tukasema: "Ni kwa kutoa mufano." Mufano gani? Zambi ilikuwa ya wawili, azabu ikabebwa na mumoja. Mutume Paulo, katika 1 Wakorinto 6, anataka ndugu waamuane wao kwa wao. Lakini kuamua si kufunika. Muzazi aombe kwa prefe ao kwa direkta uamuzi wa kuandikwa. Apeleke neno kwenye komite ya wazazi, kisha kwa koordinasio ya shule za kanisa. Wasipomusikia, aende kwa sous-division ya serikali.

Mutaniuliza: "Pastori, avoka tutamulipa na nini?" Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inataka barreau iwe na Bureau de Consultations Gratuites, pahali avoka wanasikiliza maskini bila malipo. Mutafute kule barreau inakaa, karibu na Cour d'appel. Mutu asiye na kitu anaomba attestation d'indigence kwenye komini. Kuna pia mashirika ya haki. Mwaka 2021, Centre d'aide juridico-judiciaire ya Kolwezi pamoja na RAID ya Uingereza walitoa ripoti juu ya mateso ya wafanyakazi katika migodi ya kobalti. Maneno ya wafanyakazi wenyewe yaliandikwa, yakasomwa mbali.

Vijana, muchunge karatasi: kontra, karatasi za mushahara, karatasi za munganga, bulletin za masomo. Muandike tarehe na majina. Musitie sahihi pahali hamufahamu. Na musinunue haki kwa matabishi, maana haki ya kununua, mwingine atainunua kwa bei ya juu.

Njia hii inaweza kuwa ndefu, sifichi. Ndiyo sababu ninaomba kila kanisa lichague wazee wawili, mwanaume na mwanamuke, wa kusindikiza mutu mpaka ofisini. Na pastori akiisha kuomba na mutu, asimuache aende peke yake.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi.