Greda Si Zawadi ya Mheshimiwa

Wananchi wenzetu, kila uchaguzi unapokaribia, magreda hutoka mafichoni. Barabara iliyolala na mashimo yake kwa miaka minne huamshwa kwa kishindo, vumbi hupaa, naye mheshimiwa husimama juu ya gari akatutangazia kwamba ametuletea barabara. Nasi hupiga vigelegele. Hakuna anayeuliza barabara hiyo ilikuwa ya ngapi katika orodha, nani aliiweka hapo, na ni ipi iliyorukwa ili hii itangulie.

Fedha hizo ni zetu. Kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa kutunza barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mwaka 2016 ushuru huo ulifikishwa shilingi 18 kwa lita, na Julai 2024 ukapandishwa hadi shilingi 25. Mama anayepanda matatu na gunia lake la sukuma wiki huulipa katika nauli. Mkulima huulipa katika bei ya mbolea. Ni kejeli iliyoje mtu kununuliwa zawadi kwa pesa za mfuko wake mwenyewe, kisha akatakiwa ashukuru!

Wapo wanaotubeza wakiuliza vyama vingi vimeleta faida gani. Tutawajibu kwa barabara hizo hizo. Tangu mwaka 1983 mipango ya maendeleo ilipitia kamati ya wilaya, na mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya, mtumishi wa Rais ambaye hakuna raia aliyemchagua. Rais Moi mwenyewe alituonya kwamba siasa mbaya ni maisha mabaya, na hayakuwa maneno matupu. Mwaka 2015 wachumi watano walichapisha uchunguzi wao wa barabara za Kenya kuanzia 1963 hadi 2011. Waligundua kwamba wilaya za kabila la rais aliye madarakani zilipata fedha za barabara mara mbili ya zile zilizostahili kwa idadi ya watu wake, na urefu wa lami mpya karibu mara tano. Lakini upendeleo huo, walisema, ulitoweka katika vipindi vya ushindani wa vyama. Hilo wanaotubeza hawalitaji. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulifungua njia kwa maana zote mbili za neno hilo.

Hata hivyo, mazoea yana taabu. Upendeleo ulioondoka katika ramani ya nchi umehamia katika ramani ya wadi. Siku hizi waheshimiwa wa kaunti huketi na kugawana fedha za barabara sawasawa, kila wadi fungu lake, na mgao huo huitwa haki. Tazameni unavyofanya kazi. Kila mmoja hupata kiasi cha kukwangua kilomita chache za udongo, ambazo mvua ya kwanza huzirudisha zilivyokuwa. Hakuna fungu hata moja linalotosha kujenga daraja. Na mto, kwa kawaida, ndio mpaka: ng'ambo ya huku ni ya mheshimiwa huyu, ng'ambo ya kule ni ya yule. Daraja huwa la wote wawili, basi huwa si la yeyote. Kura za greda huhesabika upesi. Daraja huchukua miaka, na huenda likafunguliwa na mpinzani.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu huko Mwingi, mahali ambapo maji ya mafuriko yalikuwa yamefunika njia. Zaidi ya watu 30 walikufa. Tunauliza: kuna mwenyeji wa Mwingi asiyejua kwamba mto ule hufurika? Waliokuwa wakipanga ndio waliokuwa hawaulizi.

Kwingineko daraja hupatikana, lakini kwa kalenda ya kampeni. Daraja la Sigiri huko Budalang'i, la kuvuka Mto Nzoia, liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 1. Liliporomoka tarehe 26 Juni 2017 kabla ya kukamilika, likajeruhi wafanyakazi, majuma machache baada ya Rais Kenyatta kulizuru na majuma sita kabla ya kura. Hatusemi ziara ndiyo iliyolivunja. Tunasema saruji haijui tarehe ya uchaguzi.

Juu ya hayo, wakubwa wanagombania rungu. Katiba ya 2010 ilikabidhi barabara za kaunti kwa kaunti, lakini wabunge wa taifa hawakuachilia. Mwaka 2024 na 2025 walivutana na magavana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo wa mafuta. Sisi tunashikilia kwamba Katiba ifuatwe na kaunti zipewe fedha zake. Lakini gavana asidhani tunamwachia mfuko ulio wazi!

Tutaambiwa kupanga ni kazi ya wahandisi, na mwananchi haelewi. Mhandisi hujua nguzo iwe nene kiasi gani. Idadi ya siku ambazo wajawazito hawawezi kufika hospitali kwa sababu ya mto, hiyo humbidi aulize. Kumwita mwananchi hotelini makao makuu, kumpa soda na karatasi ya kutia sahihi, si kumuuliza.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka huo huo inataka mpango wa kila mwaka uwasilishwe katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba. Tunataka ndani yake orodha ya barabara na madaraja kwa namba, ya kwanza hadi ya mwisho, na sababu ya kila namba. Ibandikwe kwa chifu, kwa Kiswahili. Mwenye kubadili namba aandike jina lake kando yake.

Iombeni orodha hiyo kwa maandishi, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kujibu. Siku ya 22 tuleteeni jina la ofisi iliyonyamaza. Tutalichapa katika ukurasa huu.