Ndoana Hazinunuliwi kwa Kubahatisha

Mystery Tackle Box ilianza Chicago mwaka 2012. Mteja analipa kila mwezi, naye anatumiwa sanduku la ndoana, chambo bandia na vikorokoro vingine vya kuvulia, asijue mna nini mpaka alifungue. Sifa za biashara ya namna hiyo zimetufikia kwenye simu zetu, na hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura wa watu wasiolala kwa kutafuta riziki, ni rahisi mtu kuona kwamba nasi tungeweza kuwauzia hivyo wavuvi wa Tanganyika. Mimi nazipinga sifa hizo, na nitazichukua moja moja.

Wanasema wataalamu wanakuchagulia. Wataalamu wa maji gani? Kilichomo ndani kimekusudiwa hasa bass, samaki wa maziwa na mabwawa ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki samaki huyo alipandikizwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920, na mtu anayevua kule pengine atalifurahia sanduku. Tanganyika hayumo. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na uvuvi wake mkubwa ni wa usiku, wa taa. Ndagala, anayelisha nyumba nyingi kuliko samaki mwingine yeyote hapa, hula vijidudu vinavyoelea majini, kwa hiyo samaki wa plastiki mwenye rangi za kupendeza hamshughulishi hata kidogo. Huyo huitwa kwa mwanga, zamani wa karabai na sasa wa balbu za betri, na akishajikusanya, wavu uliotandazwa chini unainuliwa. Mukeke, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, humfuata ndagala kwenye mwanga huohuo. Yeye ndiye wa mshipi: ndoana kadhaa kwenye uzi mmoja, zimevikwa manyoya, mvuvi anauvuta na kuuachia, anauvuta na kuuachia. Ukubwa wa ndoana, unene wa uzi, uzito wa chubwi, yote anayaamua mwenye mkono ulioushika mshipi huo. Kumchagulia mtu wa namna hiyo ni kumvunjia heshima.

Wanasema tena kwamba vitu vya ndani vina thamani kuliko bei ya sanduku. Lakini chambo kisichovua hakina thamani kwa mvuvi, hata kiwe na karatasi ya bei iliyobandikwa. Na bei yenyewe ni ya dola. Kila mfanyabiashara wa soko la Ruvumera anajua dola inavyotafutwa Burundi, na jinsi ile ya mtaani inavyoipita ya benki. Ongeza usafiri wa ndege na ushuru. Dukani, kwa faranga zake, mtu hununua ndoana tano kama anahitaji tano, na kabla ya kulipa hujaribu ncha yake juu ya ukucha: ikiteleza, anairudisha. Ndani ya sanduku lililofungwa hakuna nafasi hiyo.

Kuhusu kuletewa mlangoni, sina mengi. Kifurushi kutoka nje hukifuata wewe posta, na siku uliyopoteza hulipwi.

Sifa inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba kila mwezi vifaa vitafika bila kukosa. Mvuvi wetu anafuata mwezi wa angani. Kwenye giza anatoka. Mbalamwezi ikikomaa taa yake haina nguvu, basi anakaa nchi kavu anashona nyavu. Tena kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Malipo ya kila mwezi hayajui giza wala mbalamwezi, na hayasimami ziwa linapofungwa. Mtu asiye na mapato miezi mitatu aendelee kulipia chambo?

Wapo pia wanaosema kwamba kueneza ndoana ni kuliokoa ziwa. Hapa nawakubalia nusu. Ndoana haifagii vifaranga kama kokoro au chandarua cha mbu, na ningependa kuona vyandarua hivyo vimerudi vitandani. Lakini ndagala hatavuliwa kwa ndoana, hivyo nyavu zitabaki, na la kufanya ni kuzisimamia. Halafu kuna joto, ambalo ndoana haziwezi kulizuia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba ziwa likipata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, rutuba inabaki kilindini na chakula cha samaki kinapungua. Watafiti walikadiria samaki kupungua kwa asilimia 30 hivi. Kazi ya kulilinda ziwa ni ya nchi zote nne zinazolizunguka na ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao hapahapa Bujumbura.

Inabaki hoja ya ajira, na hiyo naiheshimu kwa sababu wadogo zetu wanahitaji kazi. Basi wauze ndoana. Waende mwaloni, waulize ni namba gani zinakosekana, wawaunganishe wavuvi katika likilimba, yaani mchango wa pamoja, inayochangiwa wakati wa giza, mapato yanapokuwepo, na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Fedha ikitimia, mwanachama ataje anachotaka, anunuliwe hichohicho.