"Utaizoea Tu": Uongo Unaotuvunja Migongo

Nimekuwa kimya wiki tatu. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji au nimeoa. Hapana jamani. Nilikuwa siwezi kuandika, na hapo namaanisha vidole. Kidole cha mwisho na jirani yake, mkono wa kushoto, vilikuwa vimekufa ganzi. Kwa sisi tuliofundishwa kuchapa kwa vidole vyote kumi, kidole cha mwisho cha kushoto ndicho kinachobonyeza herufi A. Hebu jaribu kuandika habari ya Kiswahili bila A! Mhariri wangu alipokea habari ya kikao cha "mdiwni" akadhani nimelewa.

Chanzo ni baiskeli. Tena siyo ajali (ajali nayo ipo, nitaifikia), bali ukubwa wa fremu. Na leo nataka kugombana na watu. Kama wewe ni muuzaji wa baiskeli za mtumba, au ni mmoja wa wale makocha wa kujiteua wa Jumamosi alfajiri, vuta kiti.

Nilinunua Kariakoo, laki nne na nusu, akiba ya miezi mitano. Baiskeli ya mbio, ya bluu, usukani ule uliojikunja kama pembe za kondoo dume, stika ya duka la Ujerumani bado ipo chini ya siti. Nilipoipanda, mguu huku na mguu huku, ardhi niliigusa kwa ncha za vidole, na bomba la juu lilikuwa limenibana mahali ambapo sitapataja kwa kuwa mama yangu husoma hapa. Nikamwambia muuzaji, "Kaka, mbona kama kubwa?" Akacheka. "Hii ya mbio, mdogo wangu. Za mbio ndivyo zilivyo. Nakushushia siti, utaizoea tu."

Akashusha siti mpaka ikakaribia kulala juu ya fremu. Akapiga kengele ambayo haikulia. Nikalipa.

Utaizoea tu! Hivi kuna maneno mawili yaliyowaibia watu wengi zaidi ya hayo? Mtu akikuuzia kiatu namba kumi wakati unavaa saba, akakuambia utakizoea, utamrudishia kiatu chake na matusi juu. Shati la mtumba tunalipima begani, tunaligeuza, tunanusa kwapa. Baiskeli ya laki nne na nusu tunaangalia rangi na idadi ya gia.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wanapotuzungusha. Siti inashughulikia miguu tu. Ukiipandisha au kuishusha, umerekebisha umbali kati yako na pedeli. Mikono, mgongo na shingo vinatawaliwa na kitu kingine kabisa, nacho ni urefu wa fremu kwenda mbele: kutoka siti mpaka usukani. Huo haushuki kwa kulegeza nati moja. Mtu aliyepanda fremu ndefu kuliko yeye anajinyoosha kama anayeokota embe lililo mbali, uzito wote unahamia kwenye viganja, viwiko vinakakamaa, shingo inakunjwa nyuma ili aone barabara. Kwenye kiganja, upande wa kidole cha mwisho, unapita mshipa wa fahamu. Ukiukandamiza saa tatu kila Jumamosi, ndiyo hiyo "mdiwni".

Niliposema naumia, fundi mmoja akaniambia nisogeze siti mbele. Nikasogeza. Magoti yakaanza kuuma. Mwingine akaniambia nibadilishe kile kipande kinachoshika usukani, niweke kifupi zaidi. Ushauri huo una ukweli ndani yake: sentimita moja au mbili unaweza kuzipunguza hapo bila tatizo. Lakini mimi nilihitaji karibu nne, na kipande kikiwa kifupi sana na wewe bado umejinyoosha, baiskeli inakuwa na wenge, inageuka kabla hujaamua.

Nadhani ugonjwa huu tumeurithi. Wengi wetu tulijifunzia Phoenix ya China au Avon na Hero za India, zote watoto wa Raleigh ya zamani ya Waingereza. Mtoto wa darasa la tatu anapenyeza mguu chini ya bomba la juu, anaendesha akiwa amepinda kama ndoano, na anafika kisimani na ndoo yake. Baba anaipanda hiyohiyo, na babu naye. Fremu moja kwa ukoo mzima! Na inawezekana, kwa sababu usukani wa Phoenix unarudi nyuma kukufuata. Unakaa wima kama mwenyekiti wa kijiji, mikono haisumbuki. Usukani wa baiskeli ya mbio unafanya kinyume: unakukimbia. Sentimita tatu ambazo Phoenix inakusamehe, hii haikusamehi hata moja. Kwa hiyo mzee anayekuambia "mbona sisi tuliendesha tu" anasema kweli, ila anazungumzia chombo kingine.

Nirudi kwenye ajali, ni fupi. Mteremko wa Kimara kuja Ubungo, saa moja kasoro asubuhi. Bajaji ikakata mbele yangu kufuata abiria. Nilikuwa nimeshika sehemu ya juu ya usukani, kwa kuwa ndiyo pekee niliyoifikia bila kujinyoosha, na breki haziko hapo. Ziko mbele zaidi, kwenye zile pembe. Nilipozifikia nilikuwa nimeshaligonga bomba la nyuma la bajaji kwa gurudumu, na nilipotaka kuruka chini, miguu haikufika ardhini kwa wakati. Nyuzi nne gotini. Dereva wa bajaji, Mungu ambariki, ndiye aliyenifikisha zahanati, na hakutaka nauli.

Pale zahanati, nikiwa sina la kufanya, nilianza kusoma. Laiti ningesoma kabla ya kwenda Kariakoo!

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, miguu imeachana kidogo. Weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, mgongo wa kitabu ukiwa juu, ukivute juu mpaka kikubane kama siti inavyobana. Mwenzako apime kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Mimi nilipata sentimita 78. Kwa fremu ya mtindo wa zamani, yenye bomba la juu lililolala sawa, wapimaji wa baiskeli huzidisha namba hiyo kwa 0.65 mpaka 0.67. Kwangu inatoka kama 51 mpaka 52. Ile bluu yangu nilipoipima, kutoka katikati ya mhimili wa pedeli mpaka mwisho wa bomba la siti, ilikuwa 56. Yule Mjerumani wa kwanza alikuwa mrefu, na alikuwa na raha zake.

Ipo pia kanuni ya urefu wa siti iliyotangazwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990: zidisha 78 ile kwa 0.883, unapata kama 69, na hiyo ndiyo umbali kutoka mhimili wa pedeli mpaka juu ya siti. Siyo msahafu. Unene wa soli, aina ya pedeli na ukavu wa misuli yako vinaibadilisha kidogo. Lakini ni mahali pa kuanzia panapozidi "utaizoea tu" kwa mbali.

Na msinipimie kimo peke yake, tafadhali. Rafiki yangu wa chumba cha habari ana kimo kilekile changu, mita 1.68. Kitabu kikampa 81. Maana yake miguu yake ni mirefu na kiwiliwili ni kifupi kuliko changu. Ukitupa wote fremu moja kwa sababu tunalingana kichwani, siti yake itakuwa juu kuliko yangu, na bado usukani utakuwa mbali zaidi kwake kuliko kwangu. Jedwali la "kimo hiki, fremu hii" halimwoni huyu mtu.

Namba iliyoandikwa kwenye fremu nayo ina ujanja. Kampuni moja inapima mpaka katikati ya bomba la juu, nyingine mpaka mwisho wa bomba la siti. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Giant ilitoa fremu ya TCR, iliyobuniwa na Mwingereza Mike Burrows, ambayo bomba lake la juu linateremka kuelekea siti. Wengi wakafuata. Kwenye fremu za namna hiyo bomba la siti ni fupi, kwa hiyo namba inaweza kuonekana ndogo wakati baiskeli ni ndefu kwenda mbele. Ndiyo maana nasema: achana na namba, beba kamba. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kutoka katikati ya mdomo wa juu wa bomba la usukani, kisha pima kwa usawa kutoka mhimili wa pedeli mpaka kwenye uzi. Halafu pima kimo cha mdomo huohuo juu ya mhimili. Vipimo hivyo viwili havijali bomba limelala au limeteremka. Kama una rafiki mwenye baiskeli inayokukaa vizuri, ipime hiyo kwanza, uende sokoni na namba zako kwenye karatasi.

Muuzaji atakucheka. Mwache acheke.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike leo na kidole hakijapona sawasawa. Kikundi chetu cha Jumamosi kimechangisha fedha za kununulia vijana watano baiskeli. Jambo jema kabisa. Vijana hawa walimwona Biniam Girmay wa Eritrea akishinda hatua tatu na jezi ya kijani kwenye Tour de France ya 2024, na Septemba 2025 wakaona mashindano ya dunia yakifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Wana hamu. Mmoja wao ni binti wa miaka kumi na saba, mita 1.55. Amepatikana muuzaji mwenye baiskeli tano za kontena moja, na bei ya jumla ni nzuri. Zote ni 54 na 56.

Kwenye kikao nilinyoosha mkono. Nikasema, kwa adabu zote, kwamba kati ya hao watano labda wawili zitawafaa. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mzima na ninamheshimu, akaniambia, "Mwanangu, nyie wasomi mnapenda kukwamisha. Mtoto wa maskini hachagui." Watu wakapiga makofi.

Shikamoo Mwenyekiti. Naomba nikujibu hapa, kwa kuwa kule makofi yalinizidi.

Mtoto wa maskini ndiye hasa anayepaswa kuchagua. Tajiri akikosea atauza na kununua nyingine wiki ijayo. Binti yule ataipata baiskeli moja, na akishindwa kuifikia breki hatasema fremu ni kubwa. Ataambiwa hajakaza, ni mlegevu, wasichana ndivyo walivyo, naye ataamini. Tayari yameanza kusemwa: amepewa ya kuazima kwa miezi miwili sasa, ni 54, na kila mlima anabaki nyuma, mabega yako masikioni. Nimewasikia kwa masikio yangu wakimwita "mama mvivu". Kuwafaa watu wafupi ni kazi ngumu kweli, kwa sababu magurudumu makubwa yakiwekwa kwenye fremu ndogo, ncha ya kiatu inaweza kugusa gurudumu la mbele unapokata kona. Mhandisi Georgena Terry wa Marekani alilishughulikia hilo tangu miaka ya 1980 kwa kutengeneza baiskeli za wanawake zenye gurudumu dogo mbele. Kwa hiyo msiniambie tatizo halijulikani.

Mnasema zilizopo ndizo hizo. Sawa. Basi tununue tatu zinazofaa badala ya tano zisizofaa, vijana wapokezane. Na pale ambapo mtu yuko katikati ya saizi mbili, mimi nachukua ndogo. Siti inapanda (msivuke ule mstari uliochorwa kwenye nguzo yake, fremu itapasuka), kipande cha usukani kinaweza kuongezwa urefu. Fremu kubwa huwezi kuikata. Ndogo sana nayo ni adhabu, najua, mgongo wa anayeanza utalalamika usukani ukiwa chini mno. Lakini breki ataifikia.

Ile bluu nimeiuza. Nilimpata jamaa mmoja wa Mbezi, mita 1.80 na ushee, nikampima kwanza kwa kitabu pale uani kwake huku mkewe akicheka mpaka akashika ukuta. Alinipa laki tatu na nusu. Hasara ni laki moja, nyuzi hazijahesabiwa.

Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi kikundi kinakwenda kuzitazama hizo tano kabla ya kulipa. Nimeazima futi ya fundi cherehani wa mtaani kwetu, nimefunga nati kwenye uzi, na nitabeba kamusi, ndiyo kitabu kigumu kuliko vyote nilivyonavyo. Binti nimeshampigia simu, amesema atakuja na kaka yake. Mwenye gari la kuturudisha mjini aniambie mapema, maana mimi kwa sasa sina baiskeli.